Kijana Akianza Kusoma Riwaya za Kisayansi, Aanze na Ipi?

Mwezi Januari, kidato cha kwanza kinapoanza masomo hapa Moshi, wengi wa watoto wanaoingia ni wale waliofundishwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, nao hujikuta kwa ghafla wakisoma biolojia, hisabati na jiografia kwa Kiingereza. Baada ya wiki chache mzazi huja na swali ambalo nimelisikia kila mwaka tangu nianze kusimamia klabu ya kusoma ya Jumamosi: kijana wangu anapenda habari za anga, mashine na safari za hatari, sasa nimnunulie riwaya gani? Miaka ya mwanzo nilijibu kwa kutazama sifa za kitabu. Nilimpa mtoto riwaya iliyotunukiwa tuzo kubwa, naye akairudisha baada ya wiki mbili akiwa hajafika ukurasa wa ishirini, na baadhi yao hawakuomba kitabu kingine mwaka mzima. Siku hizi kipimo changu cha kwanza ni kurasa thelathini za mwanzo. Je, kwa Kiingereza alichonacho leo, kijana huyu atazivuka huku akiwa bado ana hamu ya kujua kinachofuata? Mengine, yaani sayansi iliyomo, umri wa wahusika, na mambo mazito ambayo mzazi angependa kuyajua mapema, huja baada ya hapo, ingawa nayo nitayapima.

Riwaya nne ndizo ninazozilinganisha, kwa sababu zote ni safari za hatari, zote zinasimuliwa kupitia macho ya vijana, na zote nimezisoma na wanafunzi sura kwa sura. Ya kwanza ni ya Mfaransa Jules Verne, iliyotoka mwaka 1864 kwa jina la Voyage au centre de la Terre, na ambayo hapa kwetu hupatikana kwa Kiingereza ikiitwa Journey to the Centre of the Earth. Mimi nitaiita Safari ya Kiini cha Dunia. Ya pili ni A Wrinkle in Time ya Mmarekani Madeleine L'Engle, ya mwaka 1962. Ya tatu ni The Ear, the Eye and the Arm ya Nancy Farmer, ya mwaka 1994, ambayo wanafunzi wangu wameizoea kwa jina la Sikio, Jicho na Mkono. Ya nne ni Binti ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyochapishwa mwaka 2015. Ziko nyingine ambazo wazazi huziulizia sana, nazo nitazigusa kwa ufupi.

Nianze na Verne, kwa kuwa kitabu chake kina faida moja kwa mtoto wa Kilimanjaro ambayo mwandishi mwenyewe hakuikusudia. Profesa Lidenbrock wa Hamburg na mpwa wake Axel wanapata karatasi ya kale iliyoandikwa kwa mafumbo, inayodai kwamba njia ya kufika kwenye kiini cha dunia inaanzia ndani ya kasoko ya Snæfellsjökull, mlima wa volkano wenye barafu kileleni huko Aisilandi. Kijana wa nchi tambarare huenda akahitaji picha ili aamini kwamba barafu na moto hukaa mlima mmoja. Kijana wa hapa hufungua dirisha asubuhi, mawingu yakijitenga, akaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mlima wa Verne una mita 1,446 tu, wetu una mita 5,895 na shimo la majivu katikati ya kasoko yake, na nimewahi kuona darasa zima likibishana kwa nusu saa juu ya swali moja: kama karatasi ile ingetaja Kibo badala ya mlima wa Aisilandi, msafara ungepitia Marangu au Machame?

Jambo la pili linalowagusa ni mtu anayeitwa Hans. Huyu ni kiongozi wa msafara, mwenyeji wa Aisilandi, mtu asiyesema sana, anayelipwa ujira wake kila Jumamosi jioni hata wanapokuwa chini ya ardhi kilomita nyingi. Maji yanapowaishia, ni Hans anayeusikia mto ndani ya mwamba na kuutoboa. Watoto ambao baba, kaka au wajomba zao ni waongoza wageni na wapagazi wa mlima humtambua mara moja, na huuliza kwa nini hadithi inasimuliwa na Axel, ambaye mara nyingi ni mwoga na mchovu, wakati anayewaokoa ni mwingine. Hapo ndipo ninapowakumbusha kwamba vitabu vingi huandika kuwa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo mwaka 1889, lakini kule Marangu watu humkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo kama kijana aliyewaonyesha njia. Riwaya inayomfanya mtoto aulize swali la namna hiyo imekwisha kumlipa mzazi fedha yake.

Kwa upande wa sayansi, Safari ya Kiini cha Dunia imepitwa na wakati, na ni vyema kijana aelezwe hivyo mapema. Joto huongezeka kadiri mtu anavyokwenda chini. Shimo refu kuliko yote ambayo binadamu amewahi kulichimba kwa utafiti, lile la Kola nchini Urusi, lilifika mita 12,262 na kukuta joto la nyuzi 180 hivi za Selsiasi, ilhali kutoka hapa tuliposimama hadi kiini ni kilomita 6,371. Hata hivyo Verne hakuificha hoja hii. Axel anaitoa mapema kabisa, anamweleza mjomba wake kwamba wataungua, na profesa anamjibu kwa ukaidi kwamba hakuna aliyefika huko akarudi na habari. Mwalimu wa jiografia akiyachukua mabishano hayo na kuwapa wanafunzi wamalizie kwa takwimu za leo, kosa la kitabu linageuka kuwa somo zuri.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye kipimo changu cha kwanza. Karibu theluthi moja ya kitabu hupita kabla msafara haujaanza kushuka, na katika sehemu hiyo kuna mafumbo ya maandishi ya kale, matayarisho, safari ya meli, na majina ya miji ambayo mtoto wa hapa hana pa kuyashika. Tena hakuna msichana hata mmoja katika msafara. Yuko Gräuben, mchumba wa Axel, lakini anabaki Hamburg akingoja. Wasichana wa klabu yetu walilisema hilo wazi, na sikuwa na la kuwajibu.

Yuko pia adui mwingine ambaye anunuaye lazima amjue, naye ni tafsiri mbovu. Tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa London mwaka 1871 ilibadili mambo mengi, hata majina: Lidenbrock akawa Hardwigg, Axel akawa Harry. Tafsiri hiyo haina mwenye haki tena, kwa hiyo inachapwa tena na tena na kuuzwa kwa bei nafuu. Mimi mwenyewe nilinunua nakala tano kwa muuzaji mmoja wa vitabu vya mtumba, nikafurahia bei, na nilipofika darasani nikagundua kwamba nusu ya wanafunzi walikuwa wanasoma habari za Hardwigg na nusu habari za Lidenbrock. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa kwanza utafute jina la profesa. Ukikuta Hardwigg, rudisha. Tafsiri ya F. A. Malleson ya mwaka 1877 imeyabakiza majina ya asili na inapatikana bure kwenye intaneti, jambo linalosaidia shule yenye printa, kwa kuwa wanafunzi wengi wa bweni hawaruhusiwi kuwa na simu.

Mzazi mmoja aliniuliza kuhusu riwaya nyingine ya Verne, ile ya mwaka 1863 inayohusu wiki tano ndani ya puto, kwa sababu safari yake inaanzia Zanzibar na kupita juu ya nchi yetu. Kishawishi nakielewa. Lakini namna Waafrika wanavyoelezwa humo ni ya dharau, hata watu wa Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, wanaonyeshwa wakilidhania puto kuwa ni mwezi. Kitabu hicho kifae kusomwa na kidato cha nne pamoja na mwalimu wa historia, na kwa vyovyote kisiwe cha kwanza.

Tukiiweka Sikio, Jicho na Mkono kando ya Verne, tofauti inaonekana kuanzia sura ya kwanza. Hadithi iko Zimbabwe, mwaka 2194. Tendai ana miaka kumi na mitatu, dada yake Rita kumi na mmoja, na mdogo wao Kuda minne. Baba yao ni jenerali mwenye dhamana ya usalama wa nchi, na kwa hofu ya maadui amewafungia watoto ndani ya nyumba yenye ulinzi mkali na mashine za kila aina. Wanachotaka ni kitu kidogo tu, beji ya skauti ya uvumbuzi, ambayo hawawezi kuipata bila kutoka nje ya geti. Wanatoka, na kabla siku haijaisha wametekwa. Mtoto yeyote aliyewahi kukatazwa kutoka getini, na hapa mjini wako wengi, hahitaji kushawishiwa afunue ukurasa unaofuata.

Kutoka hapo hadithi inakwenda kwa hatua kubwa ambazo kila moja ni kama dunia yake. Kwanza watoto wanapelekwa kwenye dampo la kale, ambako watu huchimba plastiki zilizotupwa na vizazi vilivyopita kama wachimbaji wanavyotafuta madini. Sisi tuliopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni mwaka 2019, na tunaoishi katika mji unaojivunia usafi wake, tunaisoma sehemu hii kwa namna yetu. Niliwaomba wanafunzi wahesabu chupa walizoziona mtaroni kati ya nyumbani na shule, kisha wafikirie nani atakuja kuzichimba mwaka 2194, na insha zilizotoka hapo zilikuwa bora kuliko zile za mada nilizokuwa nikiwapa kila mwaka.

Kisha watoto wanafika Resthaven, eneo lililozungushiwa ukuta ambamo watu wameamua kuishi kama mababu walivyoishi, bila mashine yoyote. Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko pengine popote, kwa sababu kila Desemba watoto wetu wanapanda kwa bibi na babu, Kibosho, Rombo au Old Moshi, na kila mmoja ana maoni yake kuhusu maisha ya kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Tendai anapapenda mahali hapo upesi. Anajifunza kuchunga na kukaa na wanaume, anaona kwamba hatimaye amepata kwao. Rita, katika boma lilelile na siku zilezile, anabeba maji, anasugua vyungu na kulea watoto wa wengine tangu alfajiri, na ndiye anayegundua kwamba mila ya pale haiwaachi hai mapacha wote wawili. Mwandishi hamshambulii msomaji kwa hoja. Anawaweka ndugu wawili mahali pamoja na kuwaacha waone mambo mawili. Wavulana na wasichana wa klabu waligawanyika kama Tendai na Rita walivyogawanyika, na mjadala ulihamia majumbani, maana Jumatatu iliyofuata mama mmoja alinipigia simu kutaka kujua kitabu kinasema nini hasa.

Sikio, Jicho na Mkono wenyewe ni wapelelezi watatu waliozaliwa karibu na mahali palipochafuliwa na taka za nyuklia, kila mmoja akiwa na uwezo uliopita kiasi: wa kusikia, wa kuona, na wa kuhisi yaliyo moyoni mwa watu. Wao huwafuata watoto na kila mara hufika wakiwa wamechelewa kidogo, na hiyo ndiyo sababu kitabu hiki hakilegei. Kiingereza chake ni cha wastani. Sentensi si ndefu, mazungumzo ni mengi, na maneno ya Kishona yanafahamika haraka kwa mtu anayejua Kiswahili. Lakini kina kurasa zipatazo mia tatu na wahusika wengi, kwa hiyo nashauri mtoto awe na daftari la majina. Mzazi ajue pia kwamba mizimu na nguvu za giza zinachukua nafasi kubwa kuelekea mwisho, na familia nyingine hazitapenda hilo bila mazungumzo. Na kijana aambiwe kwamba Farmer ni Mmarekani aliyeishi miaka mingi Msumbiji na Zimbabwe. Anaipenda nchi anayoiandika, ila anaiandika kama mgeni aliyekaa sana, na msomaji mwangalifu ataona mahali fulani mgeni huyo akichungulia.

Binti na A Wrinkle in Time zinafaa kuwekwa pamoja, kwa kuwa zote mbili zinamtoa msichana nyumbani na kumpeleka sayari nyingine, na zote mbili zinaifanya hisabati kuwa nguvu mikononi mwake. Hapo ndipo kufanana kunapoishia.

Binti ni fupi kuliko zote, haifiki kurasa mia moja, na jina lake peke yake huwafanya wanafunzi wetu waichukue rafuni. Mhusika mkuu ni msichana Mhimba wa Namibia mwenye miaka kumi na sita, bingwa wa hesabu, wa kwanza katika watu wake kukubaliwa kwenye chuo kikuu cha Oomza kilicho sayari nyingine. Familia yake haitaki aende. Anaondoka alfajiri kwa siri, amejipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta kama desturi ya kwao, na watu wa miji humshangaa na kumgusa nywele bila ruhusa. Hakuna mwanafunzi wa Arusha au Moshi ambaye hajawaona vijana wa Kimaasai wakitazamwa namna hiyo stendi, na wanafunzi wawili wa Kimaasai tuliokuwa nao walikuwa wa kwanza kukimaliza kitabu hiki.

Lakini mzazi asidanganywe na ufupi wake. Ndani ya meli hai iitwayo Samaki wa Tatu, viumbe wenye minyiri kama yavuyavu wa baharini, waitwao Meduse, wanawaua karibu abiria wote kwa muda mfupi sana, na waliokufa ni vijana ambao Binti alikuwa amekwisha kufanya urafiki nao. Si maelezo marefu, ila yanashtua. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, au aliyefiwa karibuni, nisingekitoa bila kuzungumza naye kwanza. Ugumu mwingine ni kwamba mwandishi anatumia maneno ya kubuni bila kuyaeleza, na hali ya Binti kuzama ndani ya hesabu kama mtu aliye katika sala inahitaji msomaji mtulivu.

Pamoja na hayo, kwa kijana wa Moshi sioni riwaya nyingine kati ya hizi nne inayogusa historia yetu kwa ukaribu kama hii, ingawa haitutaji popote. Itanibidi nifichue jambo moja. Meduse wanafanya vita kwa sababu wasomi wa Oomza waliuchukua mwiba wa chifu wao na kuuweka katika makumbusho ya chuo, kama kitu cha kuchunguzwa. Wanafunzi walipofika hapo, hakuna aliyehitaji kuongozwa. Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Mti unaotajwa kuwa ndiko alikonyongwa uko umbali wa safari fupi ya daladala kutoka darasani kwetu. Msichana mmoja aliniuliza kama chuo kinaweza kuwa cha wenye hekima na bado kikawa na kitu kilichoibwa ndani ya kabati la kioo, na swali hilo ndilo hasa Binti anapaswa kulipeleka mbele ya maprofesa ili vita isitokee. Kuna riwaya mbili zinazoendeleza hadithi, za mwaka 2017 na 2018, kwa anayetaka zaidi.

A Wrinkle in Time ni tulivu zaidi. Meg Murry ni hodari wa hesabu lakini shuleni anaonekana mtukutu na mzito. Baba yake, mwanafizikia, ametoweka. Pamoja na mdogo wake Charles Wallace na rafiki yao Calvin, anaongozwa na wanawake watatu wa ajabu kumtafuta baba huyo kwa njia ya kukunja nafasi na wakati. Maelezo ya jambo hili ndiyo sehemu bora ya kisayansi katika vitabu vyote vinne, kwa sababu yanaonyeshwa kwa kitambaa: mdudu anayetembea juu ya pindo la nguo kutoka mkono mmoja hadi mwingine ana safari ndefu, lakini mikono ikikutanishwa, anavuka mara moja. Mimi nilitandika kanga mezani, nikaweka punje ya sukari pindo la pili, tukamsubiri sisimizi. Nilipoikunja kanga pindo kwa pindo, mtoto wa nyuma kabisa alipiga kelele kwamba ameelewa, na hadi leo klabu yetu husema "kunja kanga" kwa maana ya kupita njia ya mkato.

Kitabu hiki kilipata tuzo ya Newbery, ya Marekani kwa vitabu vya watoto, mwaka 1963, na sayari yake ya Camazotz, ambako watoto wote hudundisha mipira kwa mdundo mmoja mbele ya nyumba zinazofanana, huwakaa wasomaji kichwani kwa muda mrefu. Kiingereza chake ni chepesi kuliko cha Verne. Kinachowakwaza ni yule mwanamke mmoja kati ya watatu anayesema kwa kunukuu misemo ya Kilatini, Kifaransa na lugha nyingine. Huwaambia wanafunzi wairuke nukuu ikiwa imewachosha na waende moja kwa moja kwenye tafsiri inayoifuata, hawatapoteza kitu. Wavulana kadhaa walilalamika kwamba mwisho unaamuliwa na upendo wa dada kwa mdogo wake wakati wao walingoja mashine. Mimi sikubaliani nao, ila malalamiko yao ni dalili nzuri ya nani apewe na nani asipewe. Kwa familia za kanisani, ambazo hapa Kilimanjaro ni nyingi, kuna aya za Biblia ndani yake, na wazazi wengi wamekipokea kwa sababu hiyo.

Kuhusu vitabu viwili vinavyoulizwa kila mara: The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya 2008, ina Kiingereza rahisi na haimwachi msomaji alale, lakini inahusu vijana ishirini na wanne wanaolazimishwa kuuana hadi abaki mmoja, na sayansi ndani yake ni kidogo, naiacha kwa kidato cha tatu na kuendelea. The Giver ya Lois Lowry, ya 1993, ndiyo yenye sentensi nyepesi kupita zote nilizozitaja, na humfaa mtoto anayetetereka sana kwa lugha, ila safari ya hatari inaanza mwishoni tu, na mpenda mbio atachoka kuingoja.

Wazazi huniuliza pia kama hakuna kitu kwa Kiswahili. Kipo, ingawa si cha aina hii hasa. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, miaka sita kabla ya chombo cha kwanza cha binadamu kuzunguka dunia, inahusu nchi inayoelea angani na wajumbe waliotumwa pande sita, wakarudi na hekima, wakafungwa. Haina mashine, lakini zile safari sita ni za hatari kweli, na kijana anayezisoma kwa lugha yake hupata nguvu ya kuvumilia Kiingereza cha kitabu kinachofuata. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, inakaribia zaidi: Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anasafiri kwa chombo cha angani hadi nchi ya Walenisi, ambayo jina lake ukilikata utapata "wale ni sisi". Ni riwaya ya fikra na siasa, yenye Kiswahili kizito, nami huiweka kwa kidato cha nne.

Mwenye fedha ya nakala moja tu, na asiyemjua vizuri kijana anayemnunulia, namshauri Sikio, Jicho na Mkono, kwa kuwa ndicho kitabu ambacho wengi zaidi wa kidato cha kwanza na cha pili wamekimaliza mikononi mwangu. Kwa mtoto anayependa miamba na milima na mwenye subira, Verne, kwa sharti la jina la profesa. Kwa msichana au mvulana anayeambiwa kila siku kwamba ni mzito darasani, Meg Murry. Kwa aliyefikisha miaka kumi na mitano, anayejiandaa kwenda bweni mbali na nyumbani au anayeuliza maswali kuhusu Mangi Meli, Binti, na mzazi akisome kwanza, kwani ni kazi ya jioni mbili. Kabla ya kununua, pita maktaba ya mkoa, iwe ya Moshi au ya Arusha, ukaulize, na ukikipata kitabu kaa na mtoto pale pale mezani asome ukurasa wa kwanza kwa sauti. Akikwama kwa maneno zaidi ya matano, kiweke hadi muhula ujao, mpe kwanza Kusadikika, kisha umjaribu tena.